SOMO LA WATU WAZIMA: "Mji wa Mungu" na Sisi Tuliokimbia

Maandiko ya kusoma nyumbani kwanza: Luka 13:1-5; Kumbukumbu la Torati 22:25-27; Matendo 17:10-11; Waebrania 11:13-16.



Mhariri ameniomba nieleze darasa la watu wazima hapa Sikuda linasoma nini siku ya Jumapili baada ya ibada, kwa sababu habari zimefika huko kambini kwamba tumeiacha Biblia na kuanza kusoma "vitabu vya watu". Biblia hatujaiacha. Lakini ni kweli tunasoma kitabu cha mtu, tena mtu aliyekufa zamani sana. Nitaeleza kwa nini, na pia nitaeleza kosa nililofanya mimi mwalimu, ili ninyi mtakaoanzisha darasa kama hili msilirudie.

Kitabu chenyewe kinaitwa Mji wa Mungu, na aliyekiandika ni Augustino, askofu wa Hippo. Wengine wakisikia jina hilo husema, "Huyo si wa Wakatoliki?" Ndugu, Augustino alizaliwa mwaka 354, zaidi ya miaka elfu moja kabla makanisa yetu hayajaachana. Luther alikuwa mtawa wa shirika lenye jina la Augustino, na Calvin alimtaja tena na tena katika maandiko yake. Ni baba yetu sote. Tena ni Mwafrika: alizaliwa Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, na Hippo aliyoichunga ni mji unaoitwa leo Annaba, pwani ya nchi hiyo hiyo.

Lakini sababu iliyotufanya tukichague kitabu hiki si Uafrika wake. Ni kwamba kilianzia kwa wakimbizi.

Mwezi wa Agosti mwaka 410 jeshi la Wagothi, chini ya mfalme wao Alariki, liliingia Roma na kuipora kwa siku tatu. Kwa karibu miaka 800 hakuna adui wa kutoka nje aliyekuwa ameuteka mji huo. Watu waliamini hauwezi kuanguka, kama vile wengi wetu tulivyoamini kwamba mambo ya Rwanda na Kongo hayawezi kufika Eldoret wala Kisumu. Wenye uwezo wa kupata nafasi katika vyombo walivuka bahari wakashukia Afrika, Kartago na miji mingine ya pwani. Walikuja na maswali. Wasio Wakristo walisema, "Tuliiacha miungu ya babu zetu ndiyo maana tumepigwa." Wakristo nao waliuliza kwa sauti ya chini: "Mbona Mungu wetu hakutulinda? Mbona waumini walikufa, walichomewa, walibakwa, sawasawa na wengine?"

Augustino alianza kuwajibu kama mwaka 413. Hakumaliza mpaka karibu mwaka 426, na alipomaliza kilikuwa na vitabu 22 ndani ya kimoja. Msishtuke. Sisi darasani tumesoma kitabu cha kwanza tu, na hicho kimetuchukua miezi kadhaa.

Sasa tazameni. Wengi wenu mlioko Kiryandongo mlivuka Busia au Malaba mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ule uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Mlikaa Mulanda, wilaya ya Tororo, halafu mkapelekwa Kiryandongo. Wengine walibaki huku mpakani kwa jamaa zao, maana hapa mpaka umepita katikati ya ndugu: Wateso na Wasamia wako pande zote mbili. Na baadaye mmeungana na ndugu waliotoka Sudan Kusini. Maswali ya wale watu wa Roma ni maswali ninayoyasikia hapa kila mwaka. Mhubiri akija kwa semina ya siku mbili huyajibu kwa dakika tano kisha anaondoka. Augustino alikaa nayo miaka kumi na mitatu. Hiyo ndiyo sababu.

TUNAVYOSOMA

Tuna nakala moja, ya Kiingereza. Kurasa za wiki hutolewa kopi mjini Busia, tatu au nne kulingana na sadaka ya darasa. Ninasoma aya moja kwa sauti, ninaieleza kwa Kiswahili, halafu mtu mmoja anairudia kwa Kiteso, mwingine kwa Kisamia, na akiwepo Mjopadhola anairudia kwa lugha yake. Hapo ndipo tunajua kama tumeelewa, kwa sababu mtu hawezi kuirudia kwa lugha ya mama yake kitu alichokisikia nusu. Zaidi ya mara moja wamenionyesha kwamba mimi mwenyewe sikuelewa.

Nusu ya darasa hawasomi. Baadhi yao waliona haya kuja, wakidhani darasa la vitabu ni la waliosoma. Niliwaambia habari ambayo Augustino mwenyewe anaitaja juu ya Antonio wa Misri, kwamba mtu yule hakujua kusoma, lakini aliyashika Maandiko kwa kuyasikia yakisomwa na kuyatafakari. Hata Augustino anasimulia jinsi alivyostaajabu kumkuta askofu Ambrosi akisoma kimya, macho yakipita juu ya ukurasa bila sauti. Desturi ilikuwa kusoma kwa sauti. Kwa hiyo mama anayeketi kwenye mkeka na kusikiliza anasoma kitabu kama kilivyosomwa siku zile. Someni pia Nehemia 8, mwone jinsi Walawi walivyowafanya watu wazima kuelewa.

Mbele ya kila somo tunaweka Biblia iliyofunguliwa. Kitabu kikisema jambo, tunauliza: Neno linasema nini hapo? Kama wale watu wa Beroya, waliomsikiliza hata Paulo kwa moyo kisha wakaenda kuchunguza. Bila hivyo darasa litageuka kuwa la kumsifu Augustino, na hilo sitaki.

MALI, NA MAITI

Mambo mawili ya mwanzo yaliwagusa watu sana.

La kwanza ni mali. Augustino anawazungumzia waliopoteza kila kitu, na anakiri kwamba wapo walioteswa watoe dhahabu ambayo hawakuwa nayo. Anamtaja Paulino, askofu wa Nola, aliyekuwa tajiri akajifanya maskini kwa hiari. Maadui walipomshika aliomba asisumbuke kwa ajili ya dhahabu, kwa kuwa Mungu anajua hazina yake iko wapi. Mzee mmoja wa darasa alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Huyo alitoa mwenyewe. Mimi nilichomewa." Tulikaa kimya. Nadhani mzee ana haki, na sikuona jibu lake katika kurasa zile. Tulimsoma Ayubu, ambaye naye hakutoa mwenyewe, na tukaona kwamba Ayubu aliruhusiwa kulia.

La pili ni maiti. Roma watu wengi waliachwa bila kuzikwa, na aliyepona alikuwa na mzigo wa aliyemwacha barabarani. Hapa mpakani sihitaji kueleza. Kwetu mtu asipozikwa nyumbani kwao, kaburi lisipokuwa kwenye boma, ukoo hautulii. Tunao wajane ambao hawajui mume alizikwa na nani, au kama alizikwa.

Katika sura ya 12 na 13 Augustino anasema mambo mawili, na yote mawili lazima yasemwe pamoja. Kwanza, kukosa kaburi hakumpunguzii kitu aliyelala katika Bwana. Aliyeumba mwili anajua ulipo, na siku ya ufufuo hatautafuta kwa shida. Mazishi, matanga na msafara huwafariji walio hai kuliko kumsaidia aliyekufa. Pili, mwili haudharauliwi. Kama pete au vazi la baba ni kitu cha thamani kwa watoto, basi mwili wake ni zaidi ya vazi. Anakumbusha mababa wa Biblia walioagiza watoto wao juu ya mazishi na hata juu ya kuhamishwa kwa miili yao, na wale waliouzika mwili wa Bwana kwa heshima (someni Mwanzo 50 na Yohana 19:38-42).

Mjane mmoja aliuliza: "Kwa hiyo nikipata nafasi ya kumtafuta, nimtafute?" Ndiyo, mama. Mtafute kama unaweza. Na kama huwezi, usilale ukidhani amepotea kwa Mungu kwa sababu wewe ulikimbia na watoto. Nimewahi kuhubiri mazishini mara nyingi, lakini sijui kama nilikuwa nimewahi kuyasema hayo mawili kwa pumzi moja.

(Kuna jambo lililotuchekesha. Augustino analalamika kwamba wakimbizi wa Roma, walipofika tu Kartago, walijazana kwenye michezo ya kuigiza kila siku. Vijana wa darasa waliniangalia mimi, kwa kuwa nimekuwa nikisema hayo hayo juu ya vibanda vya video. Sijabadilisha mawazo, lakini nimepunguza ukali. Mtu aliyeona mji wake ukiungua pengine anatafuta mahali pa kukaa gizani bila kufikiri.)

KOSA LANGU

Sasa nifike mahali pagumu. Wanawake wengi wa Roma walibakwa, wakiwemo mabikira waliojitoa kwa Mungu. Baadhi walijiua kwa aibu. Na walikuwepo watu waliowacheka wale waliobaki hai.

Kuanzia sura ya 16 Augustino anasimama upande wao. Anasema usafi ni jambo la moyo na nia. Mwingine anaweza kuutenda mwili wangu uovu, lakini nisipokubali, dhambi ni yake na si yangu, na usafi wangu haukuondoka. Kwa hiyo mwanamke huyo hana hatia ya kujiadhibu, wala hana deni la aibu kwa mtu yeyote. Warumi walikuwa na shujaa wao Lukresia, mwanamke aliyejiua baada ya kubakwa, nao walimsifu vizazi vyote. Augustino anawauliza: kama hakuwa na hatia, mbona mnasifu kuuawa kwa asiye na hatia? Anasema wanawake Wakristo waliochagua kuendelea kuishi walifanya vyema zaidi. Katika karne ya tano, askofu mwanamume kuandika hivyo si jambo dogo. Na Torati iko pamoja naye. Katika Kumbukumbu la Torati 22, msichana aliyeshikwa shambani, akapiga kelele pasipo wa kumwokoa, anahesabiwa kama mtu aliyeshambuliwa na muuaji. Kwake hakuna dhambi.

Siku ile darasa lilikuwa na nguvu ya ajabu. Mama mmoja alisema jambo ambalo halimo kitabuni. Alisema neno letu lenyewe ni baya. Redioni wanasema mwanamke "amenajisiwa", na najisi ni uchafu. "Yaani aliyefanya uovu anaenda zake, mchafu ni mimi?" Tangu siku hiyo hatulitumii neno hilo darasani. Tunasema "alibakwa", ili uovu ubaki kwa mbakaji.

Ningefunga kitabu hapo. Lakini wingu la mvua lilikuwa limekusanyika upande wa Tororo, nilitaka tumalize kurasa za wiki, nikaendelea kusoma mpaka sura ya 28 bila kuwa nimeisoma nyumbani. Katika sura ile Augustino anauliza kwa nini Mungu aliruhusu jambo hilo liwapate watumishi wake. Na anajibu kwamba huenda baadhi yao walikuwa na kiburi kilichofichika juu ya usafi wao, au wangekuja kuwa nacho, hivyo wakanyenyekezwa.

Niliisoma kwa sauti, nikaieleza kwa Kiswahili, na nilipoinua macho mama mmoja alikuwa amechukua leso yake na kutoka. Mwingine alimfuata. Wanaume tulibaki tukiangalia chini.

Ninaandika haya kwa ruhusa ya yule wa kwanza, bila jina lake. Nilimwendea nyumbani na mke wangu. Hakunikaripia. Aliuliza tu: "Mwalimu, kwa hiyo nilikuwa na kiburi?"

Jumapili iliyofuata hatukufungua Augustino. Tulifungua Luka 13. Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika dhabihu zao. Yesu akawauliza kama wanadhani wale walikuwa wenye dhambi kuliko wengine, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza vile vile, akajibu vile vile. Hakueleza kwa nini. Aliwageuza waliosalimika wajitazame wao wenyewe. Kisha tukasoma Ayubu 42:7, ambapo Mungu anawakasirikia rafiki za Ayubu, wale waliotafuta sababu ya mateso ndani ya anayeteswa.

Kijana mmoja, fundi wa baiskeli, alisema: "Augustino alianza kama wakili wa hawa mama, halafu mwishoni akahamia kwa rafiki za Ayubu." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Mzee mmoja alishauri turuke sura hiyo, na madarasa mengine yatakayofuata yairuke pia. Aliyempinga ni yule mama aliyetoka. Alikuwa amerudi. Alisema isirukwe, isomwe, ila isomwe pamoja na Luka 13, kwa sababu maneno kama yale ameyasikia pia kwa watu wasiosoma vitabu, kanisani na kisimani, na hakujua kama mtu anaweza kuyapinga akiwa na Biblia mkononi. Yule mwingine hajarudi darasani mpaka leo. Huja ibadani, hukaa nyuma.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya darasa hili. Mahubiri hayakatizwi, mhubiri akisema vibaya, aliyeumia anakwenda nyumbani na jeraha lake. Kitabu kinaweza kusimamishwa katikati ya sentensi. Unaweza kukirudia, ukakiuliza, ukakipima. Tena Augustino asingekasirika: katika uzee wake, karibu mwaka 426, alipitia maandishi yake mengi, moja baada ya jingine, akaandika kitabu kizima cha kurekebisha yale aliyoona hakuyasema vizuri. Kujifunza kumwambia mwalimu mkubwa kwa heshima, "Hapa, baba, sivyo," ni jambo ambalo watu wazima wa makanisa yetu hawajazoea, na mimi ni mmoja wao.

KWA WANAOTAKA KUANZA

Msianze na Mji wa Mungu kama hamna mtu wa kuongoza. Anzeni na kile kitabu cha John Bunyan cha safari ya Mkristo, ambacho kimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Ni hadithi, watoto hukaa mlangoni kusikiliza, na aliyekiandika alifungwa gerezani Bedford, Uingereza, tangu 1660 mpaka 1672 kwa sababu ya kuhubiri bila ruhusa. Naye hakuandikia watu waliokaa raha.

Mwalimu asome sura yote nyumbani kabla ya kuileta. Yote. Penye habari za kubakwa, akina mama wasome kwanza peke yao, wakiongozwa na mama mwenzao, kisha wao waamue kama wanataka kuizungumza mbele ya wanaume. Sisi tulifanya kinyume na nimewaeleza kilichotokea. Na mtu asilazimishwe kusimulia yake.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani:

Ni maneno gani tunayotumia kwetu, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, ambayo yanamwekea lawama aliyetendewa?

Waebrania 11 inasema tunatafuta nchi iliyo bora, ya mbinguni. Je, maneno hayo yamewahi kutumiwa kukunyamazisha ulipotaka kulilia shamba lako? Yeremia 29:4-7 inaongeza nini juu ya kujenga na kupanda ugenini?

Kuna mtu wa jamaa yako ambaye hukumzika? Kikundi kinaweza kufanya nini pamoja nawe: kuomba, kuandika jina lake, kutuma habari kwa walio karibu na mahali alipofia?

Mwezi ujao tutaacha Mji wa Mungu kwa muda, tusome barua ya Augustino kwa askofu Honorato. Wavandali walikuwa wanakuja, naye aliuliza kama ni halali mchungaji kukimbia. Augustino alimjibu akitaja jinsi Paulo alivyoshushwa ndani ya kapu, na pia akisema mchungaji hawaachi kondoo wasioweza kukimbia. Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo, naye akafa humo humo, Agosti 28, akiwa na zaburi za toba zimebandikwa ukutani karibu na kitanda chake. Aliyetuandikia habari hiyo ni Posidio, askofu wa Kalama, ambaye alikuwa humo ndani ya Hippo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekimbia kwake.

Kabla ya hapo someni Matendo 9:23-25, Mathayo 10:23 na Yohana 10:11-13. Wachungaji mlioko Kiryandongo, mliokimbia pamoja na watu wenu au kabla yao, tafadhali mtuandikie mnavyoona. Barua mpeni mhariri, nazo zitatufikia huku Sikuda.